Sauti Isiyopata Mafua

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kutengeneza programu, mmenisumbua sana kwenye grupu kwamba braza Eliya andika, usiondoke hivi hivi. Haya, naandika. Najua wapo watakaocheka kwamba mtu ambaye ndevu bado zinamwotea kwa mafungu anajiita mstaafu. Chekeni. Kazi nimeiacha, siirudii, na kwa sasa nafunga madirisha ya aluminiamu huko Goba na mjomba wangu. Dirisha likishafungwa limefungwa. Halikupigii simu asubuhi kukwambia limesahau nywila.

Habari za nani alituamini na pesa zake na nani alitukataa sitaziandika, hizo mnazisoma kila siku kwa watu wenye suti. Nataka niwaandikie siku za mwanzo, vifaa tulivyokuwa navyo, na dada Zuhura. Mengi mnayosema mmejifunza kwangu ni ya kwake.

Mie niliishia kidato cha nne, na hicho chenyewe nilitoka nacho nachechemea. Nyumbani ni Gongo la Mboto, wazazi wamehamia kutoka Kigoma. Karibu na kwetu kulikuwa na steshenari ya dada Zuhura: kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti. Nilianza kwenda pale kumtolea karatasi zilizonasa kwenye mashine. Malipo yangu yalikuwa kukalia kompyuta ya chumba cha nyuma, ambayo herufi nusu zilishafutika kwenye kibodi, kwa hiyo nilijifunza kuandika programu kwa kupapasa. Masomo yalikuwa video za bure, na bando la kuziangalia lilikuwa la yeyote aliyeacha simu yake wazi.

Dada Zuhura ni mtu wa Kimbiji. Marehemu baba yake alikuwa na duka huko, na yeye amekulia nyuma ya kaunta, anamsikiliza mteja mpaka mteja anajijibu mwenyewe. Programu hakuijua hata mstari mmoja. Siku nilipomwambia nataka tutengeneze kitu kitakachojulikana dunia nzima, alikuwa anakata picha za pasipoti. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo dunia imelalamika nini, mdogo wangu?"

Sikuwa nimeiuliza.

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia. Tukawa tunaingia kwenye magrupu ya watu, ya wapangaji, ya kina mama wenye watoto wachanga, ya mitaa, tunasoma wanavyolalamika. Dada Zuhura aliweka sheria yake: hatujengi kitu mpaka walalamike watu watatu wasiojuana, na kila mmoja awe ameshajaribu njia yake ikamshinda. Anayelalamika bila kujaribu chochote, alisemaga, huyo anapiga soga, msalimie tu upite.

Ya kwanza tuliyojenga ilikuwa ya madalali wa vyumba. Watu walikuwa wanalia kwamba dalali anakutumia picha ya nyumba yenye marumaru, ukifika unakuta banda. Tukatengeneza mahali pa mpangaji aliyetangulia kuweka picha halisi na maneno yake. Ilipendwa sana. Tatizo ni kwamba mtu akishapata chumba hana shida na sisi tena, na sisi tulikuwa tunakaa tunamsubiri agombane na mwenye nyumba. Si biashara ya kumwombea mtu mema.

Ya pili ilikuwa ya maji, huko huko Goba ninakofunga madirisha leo. Kila mtu kwenye grupu anauliza, jamani yametoka? Tukaweka namba, wa kwanza kuyaona anatuma neno moja, mtaa mzima unapata taarifa. Tulifurahi kama siku tatu. Goba ni milima. Wa bondeni wakifungua wote kwa pamoja, wa juu hapati hata tone, kwa hiyo walioyaona kwanza wakajifunza kunyamaza. Bibi mmoja wa kilimani alitupigia akasema kwa upole kabisa kwamba zamani alikuwa akiamka mapema anajaza mapipa yake kabla watu hawajajua. Dada Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, akaja akaniambia nizime. Hatukubishana.

Sasa ya tatu. Hii ndiyo mnayoijua.

Kulikuwa na grupu la watu wanaowatunza wazazi wakiwa mbali nao. Mama mmoja aliandika kwamba mama yake mzazi ana presha, yeye yuko kazini kutwa, akimtumia ujumbe anywe dawa, bibi hawezi kusoma kwa sababu ya macho, na akisema atapiga, kazi inamsahaulisha. Wakajibu wengi kuliko watatu. Na dada Zuhura mwenyewe alikuwa mmoja wao, maana mama yake, Bi Salma, alikuwa na presha mbili, ya damu na ya macho, na ile ya macho ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Haoni kabisa. Anaishi Kimbiji na mke wa mwanawe, wifi yake dada Zuhura, anaitwa Mwajuma.

Tukaamua iwe simu inayompigia mzee na kuongea. Mtoto anachagua dawa na saa, mashine inapiga. Sauti ikawa ya dada Zuhura, kwa sababu yangu mie ilikuwa inapanda na kushuka kama redio mbovu. Tulirekodi kwenye chumba cha nyuma, kanga na mablanketi yametundikwa kuta zote, feni imezimwa, jasho linatiririka. Uwanja wa ndege hauko mbali, kwa hiyo tunasubiri ndege ishuke, anasema maneno mawili, nyingine hiyo. Tulirekodi vipande: siku za wiki peke yake, saa peke yake, dawa peke yake, mashine ndiyo iunge.

Wa kwanza kumjaribia alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu wa pale pale mtaani. Mashine ikapiga: "Habari, huu ni ujumbe wa kukukumbusha dawa." Akakata. Ikapiga tena, akakata. Tukamfuata barazani kwake. Akasema kuna mwanamke hana adabu anampigia anaanza kumwamrisha dawa.

Tulikuwa tumesahau shikamoo.

Tukarudi kwenye mablanketi. "Shikamoo mzazi wangu," akasema dada Zuhura, na mie nikaacha nafasi kidogo ya kuitikia. Mzee akapokea, akasema, marahaba mama, hujambo, watoto hawajambo, na huko mvua zimenyesha? Mashine ikamkatisha katikati ya mvua. Akaudhika upya. Tukaongeza nafasi, bado haikutosha, tukaongeza tena. Kijana mmoja msomi aliyekuja kutoa kopi aliniambia kimya kirefu namna ile ni kasoro kwenye mfumo. Nikamwambia ajaribu kumpigia bibi yake.

Tangu hapo ikawa inaenda. Wazee walikuwa wanamjibu, wanamweleza magoti yao, wanamwombea dua. Mzee mmoja wa Mbagala alimtuma mwanawe aulize kama yule binti wa asubuhi ameolewa. Dada Zuhura akacheka mpaka akajishika ubavu, akasema mwambie ameolewa na kazi, na mume wake mkali. Nilikuwa na furaha siku zile. Niliamini kabisa tutafika mikoani, halafu nchi jirani, nilishachagua mpaka rangi ya ofisi. Ilikuwa kijani.

Uvimbe wa shingoni tuliuona sote, ila alikuwa anaufunika na mtandio. Ulipoanza kumbana kumeza, akaenda hospitali, wakamwambia ni tezi, itolewe. Daktari alimweleza mapema na vizuri tu kwamba mahali penyewe ni karibu na mshipa wa sauti, na kuna wachache ambao sauti hairudi. Alikuja kunihadithia huku anafunga mafaili ya mteja, kama anahadithia habari za mtu wa mtaa wa pili.

"Nikiipoteza si unayo kwenye kompyuta," akasema.

Hakuipata tena. Tulisubiri, maana tuliambiwa huwa inachukua muda. Aliporudi dukani ilikuwa inatoka pumzi tupu, kama mtu anayepuliza chai. Wateja wakawa wanamnong'oneza na wao, sijui kwa nini, duka zima likawa linanong'ona. Akawa anaandika kwenye simu na kutuonyesha. Alijitahidi sana kuwa yule yule. Akicheka, mabega yanacheka, mdomo unacheka, hakuna kinachosikika. Mie nilikuwa naenda chooni nalia, narudi namwambia mbona leo joto kali.

Na kila asubuhi, sauti yake ilikuwa inawaamkia wazee wa watu, na Bi Salma mmoja wao. Shikamoo mzazi wangu.

Mfumo ulianza kuchakaa palepale, na nawaambia hili kama fundi. Daktari akibadilisha dawa ya mtu, jina la dawa mpya hatuna. Nikamchukua binamu yangu arekodi, ana sauti nzuri, anaimba kwaya. Wazee wakamkataa. Wakapiga kuuliza yule binti kaenda wapi, kafukuzwa? Kuna aliyesema kama mshahara wenyewe ndio ishu, yeye yuko tayari kuchangia. Akaja braza mmoja mwenye programu ya kunakili sauti ya mtu. Ukiilisha rekodi za dada Zuhura inasema chochote utakacho kwa sauti yake. Nilimleta dukani nikiwa nimechangamka, nikaona tumepona. Dada Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho kama kawaida yake, akaandika, akanigeuzia simu nisome: "Hapana. Nikisema kitu nataka niwe nimekisema."

Lakini lililokuwa linamla si biashara. Lilikuwa Kimbiji.

Zamani kila mwisho wa mwezi alikuwa anavuka na pantoni kwenda kwa mama yake. Tangu operesheni hakwenda. Bi Salma aliambiwa mwanawe amefanyiwa operesheni ndogo na amepona. Mwajuma alikuwa anajua, akapewa kazi ya kusema mtandao wa Kimbiji mbaya, jambo ambalo halikuwa uongo mzima. Vitu alikuwa anatuma kwa watu wa bodaboda. Nikamuuliza utakaa hivi mpaka lini. Akaandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena: "Mama haoni. Mimi sisemi. Nikiingia mlangoni atajuaje ni mimi? Nitamwamkiaje?"

Mtu wa bara kama mie anaweza kuona ni kitu kidogo. Kwao siyo. Huingii kwa mama yako ukasimama kimya. Mama anasubiri shikamoo kabla hajajua yuko na nani, na huyu hana hata macho ya kumwona anayenyamaza.

Basi nikajiambia, hii ni kazi yangu. Nitatengeneza kitu kwa mteja mmoja.

Nikachukua vipande vyote, nikaviweka kwenye simu, kila kimoja na kitufe chake. Shikamoo mzazi wangu. Umeshakula? Pole. Kunywa maji mengi. Alhamisi. Asante kwa kunisikiliza. Ukivikusanya vyote unaona tulikuwa tumerekodi nesi, siyo mtoto. Na hakukuwa na neno "mama". Tulisema "mzazi wangu" kote, ili iwafae kina baba na kina mama, na ni mie niliyelipendekeza kwa kubana kazi.

Nikaingia kwenye takataka za rekodi, zile tulizotupa. Nilikaa nazo wiki nzima. Zuhura anakohoa. Zuhura ananiambia feni bado inazunguka. Zuhura anacheka, safi kabisa, mwanzo mpaka mwisho wa kicheko, hicho nikakihifadhi. Kisha nikakuta mahali tumemaliza kurekodi majina ya dawa, na yeye anauliza kwa nguvu, "Mama ntilie kashafika?" Yule muuza chakula wetu wa mchana. Nikakata hapo hapo baada ya "mama". Nilipomsikilizisha, dada Zuhura alifumba macho. Akanionyesha kidole: tena. Nikapiga tena.

Tulienda Jumapili. Mwajuma alitupokea nje, amelia, anafuta uso na ncha ya kanga. Bi Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, anachambua mchele kwenye ungo, anatoa mawe kwa vidole tu, na nilimwangalia sikuona jiwe hata moja likimpita. Nikamwamkia, nikajitaja kwamba mie ni Eliya wa kompyuta. Akaniitikia vizuri, akauliza nimekuja na nani.

Dada Zuhura alikuwa amesimama kizingitini ameshika simu. Akabonyeza.

"Mama," ikasema simu. Kisha: "Shikamoo mzazi wangu."

Bi Salma aliacha mchele. Kile kimya tulichokiweka kikapita chote, hakuitikia. Dada Zuhura akabonyeza tena. Mama. Shikamoo mzazi wangu. Mama. Akabonyeza kile kicheko, nadhani kwa kuchanganyikiwa, kikacheka peke yake ukumbini pale mpaka kikaisha.

"Mzimeni huyo," akasema Bi Salma. Hakusema kwa ukali. "Hiyo 'mama' ni ya mtu mwenye njaa. Mie nimemzaa, najua anavyoita akiwa na njaa."

Mwajuma akaanza kusema kitu kuhusu mtandao.

"Mwajuma, nyamaza, mwanangu. Mie nimejua siku nyingi. Kila asubuhi ananiamkia, vile vile. Kipupwe kimekuja, watu wote humu ndani wamebanwa, sauti yake haipati hata mafua. Nikasema huyu si mtu. Mwanangu mwenyewe yuko wapi?"

Akanyoosha mkono hewani, kiganja chini, kama mkubwa anavyompa mdogo mkono wa kubusu.

Dada Zuhura aliiacha simu mlangoni. Alienda akapiga magoti, akaushika ule mkono akaubusu, akabaki ameuweka kwenye paji la uso. Nilisikia tu ile pumzi yake.

"Marahaba," akasema Bi Salma.

Kisha akamgusa usoni, akashuka kidevuni, akafika shingoni. Alipokuta kovu alisimama hapo. Akalifuata taratibu kutoka upande huu mpaka upande wa pili, na kurudi.

"Iliuma?"

Dada Zuhura akatikisa kichwa kukataa. Bi Salma bado alikuwa na mkono shingoni pake, akaujua huo mtikiso kwa vidole.

"Muongo," akasema. "Miezi yote hii. Umenifanya mie nikazungumza na kopo."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sheria yetu ilikuwa hatujengi kitu mpaka mtu alalamike. Bi Salma nilikuwa sijawahi kumuuliza ana shida gani. Nilimjengea mashine nzima, na shida yake ilikuwa kwamba mwanawe haji.

Jioni tulipoaga, Bi Salma alimshika mkono mwanawe mpaka nje.

"Sasa sikiliza. Kile kitu kisinipigie tena. Dawa Mwajuma atanikumbusha. Wewe ndio unipigie."

Dada Zuhura akanitazama mie. Nikamjibia, nikasema, lakini Bi, atapiga aseme nini?

"Asiseme. Apumue tu. Marahaba nitatoa mwenyewe."

Tuliwapigia wateja wote, mie ndiye niliyekuwa naongea, tukawaambia huduma inafungwa na kwa nini. Sikuwaficha. Wengi walimtakia afueni. Yule mzee fundi cherehani alikuja mwenyewe dukani na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, dada Zuhura akamshika mkono, na mzee akaitikia bila kuambiwa kitu. Wakakaa hivyo, mie nikajifanya natoa kopi.

Mnaniuliza kwenye grupu kama sitamani kurudi. Natamani, sitawadanganya. Nikipanda ngazi kufunga dirisha Goba nikasikia mtu analalamika chini, masikio yananisimama yenyewe. Lakini kazi ile kwangu ilikuwa na watu wawili na sauti moja, na sioni namna ya kuianza na sauti nyingine. Nyie fanyeni. Rekodi zote tulizifuta, alitaka iwe hivyo. Alibonyeza mwenyewe.

Asubuhi kabla sijaenda kazini bado napitia steshenari kumfungulia mlango wa chuma, ule unaokwama. Akishaweka karatasi kwenye mashine anapiga Kimbiji, anaweka spika ili mikono iwe na kazi. Simu inapokelewa. Dada Zuhura anaisogelea, anapumua.

"Marahaba mwanangu," anasema Bi Salma. "Hujambo? Haya, mie mzima. Hebu sikia, mbuzi wa jirani kaingia tena kwenye mchicha wangu, na Mwajuma alikuwa amesimama pale pale anamwangalia."